Aliide Raun na Majina ya Samaki

Ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa Emmaste kwenye baridi hii, mimi Urve, kwa niaba ya familia, nawasomea maisha ya mama yetu, Aliide Raun.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa hapa kisiwani Hiiumaa, binti wa mvuvi Priidu na Bibi Loviise, akasoma Emmaste, kisha Chuo Kikuu cha Tartu, alikohitimu masomo ya lugha mwaka 1962, na mwaka huo huo akaajiriwa Tallinn kukusanya maneno ya wavuvi wa pwani na visiwa, kazi aliyoipenda mpaka alipostaafu mwaka 1998. Tarehe 6 Juni 1964 alifunga ndoa na baba yetu, marehemu Evald, wakajaliwa mimi na mdogo wangu Tarmo.

Mwaka 1971 alikwenda kisiwa jirani cha Saaremaa kwa Mzee Villem Kaasik, ambaye askari wa mpakani walimkatia mashua yake kwa msumeno ili asitorokee ng'ambo, naye akaapa kutotamka tena neno la baharini. Mama hakumbembeleza, alikaa na mkewe kupasua samaki, hadi mzee uvumilivu ukamwisha, akafoka, "We binti, kisu ndivyo kinavyoshikwa? Huyo kashakufa, usimuue mara ya pili!" Mama akacheka, akamweleza kwamba noot, wavu wa kukokota, ni neno ambalo mababu walilipata kwa majirani wa ng'ambo, lakini kala, yaani samaki, tulikuwa nalo hata kabla ya kuijua pwani hii. Mzee akasema, "Basi hilo hawakulikata," akaanza kusimulia, na Mama akaandika hadi kivuko kikamwacha.

Tarehe 2 Novemba 2021 alipatwa na kiharusi, maneno yakampotea, hata majina yetu. Tarmo akawa anamletea samaki wabichi kitandani hospitalini Kärdla, na siku moja Mama akamshika mmoja, bapa, wa kahawia, akatamka jina lake, "Lest." Tulilia. Kabla ya Krismasi aliniita Urve, Tarmo akamtania, "Mama, yaani samaki kwanza, sisi baadaye?" Akajibu polepole, "Samaki hawasumbui."

Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2024, tukiwa naye sote wawili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kärdla waliovumilia harufu ile, majirani waliotuondolea theluji njiani, wenzake wa kazini kutoka Tallinn, na wavuvi wote waliomfungulia milango.

Mama, kazi umeifanya, sasa pumzika kwa amani.