Turubai Lisiloombewa Ruhusa

Noah, geuza hiyo simu kifudifudi uiache mezani, nawe Leah sogeza kigoda karibu na kitanda, maana sauti niliyobakiwa nayo haifiki mlangoni na ninayotaka kuyasema sitayasema mara mbili. Mlango uacheni wazi. Mzee Lutufyo yuko chumba cha nyuma, namsikia akikohoa, na haya nayasema ili naye ayasikie, kwa sababu nusu ya wosia wangu ni habari yake, na yeye mwenyewe alikwishaniambia nisimfichie kitu.

Jumapili mliniuliza, kila mmoja kwa wakati wake, mkadhani mmeniuliza mambo mawili. Wewe Noah ulisema, baba, mama hayupo tena, sisi hatuishi Tukuyu, mnunuzi amepatikana naye anaitaka nyumba ikiwa tupu, basi tuuze, nikuchukue Dar, na fedha hizo zinisaidie kununua nyumba kule. Wewe Leah ukaniuliza kama uendelee kupanga pale Uyole au ununue kile kiwanja alichokuonyesha dalali. Nilifumba macho, mkadhani nimesinzia. Sikusinzia, wanangu. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, kwa kuwa swali lenu ni moja, nami nililijibu vibaya kwa miaka ishirini na saba.

Nilifika hapa mwaka wa sabini na moja, mwalimu kijana kutoka Same, Upare, na sanduku la bati na viatu ambavyo matope ya Rungwe yaliviua kabla ya mwezi kwisha. Nilipanga vyumba viwili kwa huyuhuyu Lutufyo, enzi hizo akiwa mtu wa tumbo kubwa na funguo nyingi. Watu waliponiuliza, mwalimu, mbona hununui hata kipande, nilicheka nikawaambia kwangu ni Same. Kila likizo ndefu nilikwenda Same kufyatua matofali ya nyumba ambayo hakuna kati yenu aliyewahi kulala ndani yake, na matofali hayo yaliota majani mpaka mbuzi wakayapenda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa, nikaliegemeza ukutani robo karne. Na msinielewe vibaya, kupanga si aibu, mpangaji ni mtu kama watu. Kosa langu lilikuwa kuishi kama abiria, begi mlangoni, sipandi hata mchicha, sijui jirani yangu analia nini wala anacheka nini.

Mwaka wa tisini na nane bibi yenu alikuja kututembelea. Noah ulikuwa kidato cha tatu, Leah ulikuwa bado unasuka nywele kwa nyuzi. Ilikuwa Machi, ukungu haukuondoka wiki tatu, na kifua chake, kilichozoea jua la Same, kikashindwa. Alfajiri moja mama yenu, ambaye alikuwa muuguzi na aliyajua mambo hayo kuliko mimi, aliniwekea mkono begani, nikaelewa kabla hajafungua mdomo.

Nilikwenda kwa Lutufyo kumwomba nifunge turubai uani. Alinijibu akiwa amesimama kizingitini, hakunikaribisha ndani, na mvua ilikuwa inanipiga mgongoni. Akasema, "Pole sana, mwalimu. Lakini hii ni nyumba ya kupangisha. Watu wakilala msiba hapa watachimba mashimo ya jiko uani, na wapangaji wengine wataogopa. Mpeleke mama kwenu." Kwetu ni safari ya siku mbili, barabara zimekatika, na gari la kubeba maiti sikuwa nalo. Nilirudi chumbani nikakaa pembeni ya mama yangu, mtu mzima niliyefundisha nusu ya mji huu kusoma, nikalia. Sikulia kwa kufiwa tu. Nililia kwa kuwa sikuwa na hata ardhi ya kuwekea kiti cha mtu aliyekuja kunipa pole. Na watu walikuwa wameanza kuja. Wanawake walisimama barabarani, kanga vichwani, hawajui waingie wapi.

Aliyekuja akatuokoa ni Ambilikile, aliyekuwa na shamba la migomba nyuma ya nyumba ile, mtu niliyemsalimu kwa miaka yote hiyo bila kujua hata idadi ya watoto wake. Alikuja na panga. Hakuniuliza kitu. Akasema, "Mwalimu, mama tumlete kwangu," akageuka, akaangusha migomba yake mwenyewe kumi na miwili, yenye mikungu na isiyo na mikungu, mpaka pakapatikana nafasi ya turubai. Majani yake yakatandikwa chini, wanawake wakakaa, ndizi zake zikapikwa mbalaga, mapishi ya huku, zikalisha waombolezaji, na kaburi likachimbwa palepale. Mgeni wa wiki tatu alizikwa kama mwenyeji wa miaka mia.

Nipe maji kidogo, Leah. Basi, yametosha.

Baada ya hapo sikurudi tena kufyatua matofali Same. Mwaka wa elfu mbili nilimwomba Ambilikile aniuzie kipande kile, naye akakubali. Ndiyo maana nawaambia kila siku kwamba sikununua nyumba, nilinunua kaburi, nyumba ikafuata nyuma. Tuliandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, nikaisoma karatasi mara tatu kama ninayesahihisha mtihani, nikaona hakuna kosa. Mwezi wa pili baada ya kununua natoka nje asubuhi, namkuta Ambilikile yuko kwenye kiwanja changu, anakata mkungu wa ndizi. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti kumshitaki kwa wizi, mtu aliyemzika mama yangu.

Wazee walikaa, wakanisikiliza mpaka mwisho, kisha mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ulinunua migomba?" Nikasema nilinunua kiwanja. Akasema, "Kiwanja ni udongo. Mgomba ni wa aliyeupanda mpaka akuachie kwa kinywa chake. Hukuulizia, naye hakukuachia." Kila mtu pale alilijua hilo isipokuwa mimi, msomi wao. Halafu wakamgeukia Ambilikile aseme anazipeleka wapi ndizi, naye akajibu huku anaangalia miguu yake kwamba anawapelekea wale vijana waliochimba kaburi la mama wa mwalimu, kwa sababu mwalimu mwenyewe hakuwahi kuwashukuru. Wanangu, natamani ardhi ingepasuka siku ile. Msiba ule nilikula, nikalala, nikazikiwa, na wachimba kaburi sikuwapelekea hata mkungu mmoja.

Nilimwomba radhi mbele ya wote. Jioni alikuja na jembe na chipukizi la mgomba, akalipanda karibu na hapa ulipo mlango huu leo, akasema, "Hili nimekuachia kwa kinywa. Mengine tutakula wote." Ndaga fijo, nilimwambia, asante sana, na ndilo neno la kwanza la Kinyakyusa nililowahi kulitamka nikiwa na maana nalo. Ambilikile amekwenda mbele za haki, ila wajukuu zake wapo, na migomba ya upande wa kaburi ni yao na yenu. Mnunuzi wako, Noah, hilo hawezi kulinunua, maana halimo kwenye hati.

Sasa nifike kwa Lutufyo. Niinueni kidogo, mto huu umelala. Hapo hapo.

Lutufyo aliuza nyumba yake ile kubwa amfuate mwanawe Dar, na fedha zikaingia kwenye nyumba ya mwanawe. Baada ya miaka miwili hapakuwa na chumba chake mle. Simcheki, naye anajua simcheki. Mwaka wa elfu mbili na kumi na sita alirudi na begi moja, akaja akasimama kizingitini kwangu, mvua ikimpiga mgongoni, akauliza kama nina chumba cha kupangisha. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo miaka kumi na minane. Maneno nilikuwa nayo tayari, nimeyanoa, ni mawili tu, nenda kwenu. Nilifungua mdomo. Mama yenu akapita kwapani kwangu ameshika birika, akasema, "Ingia, mzee. Chumba cha nyuma kinavuja kidogo, utatuvumilia." Hivyo ndivyo mwanamke yule alivyonipokonya kisasi changu, nami namshukuru mpaka leo, kwa kuwa alinipa kitu kikubwa zaidi mahali pake. Kuna ushindi wa kumfungia adui mlango, na kuna wa kumfungulia, nami nimeuonja huu wa pili.

Hamkuwapo alfajiri aliyofariki mama yenu, mlikuwa bado njiani. Nilikuwa nimekaa hapa, sijui nianze na lipi, nikasikia jembe uani. Nikachungulia. Alikuwa Lutufyo, na umri wake ule, na kikohozi chake kile, anachimba shimo la kwanza la jiko katikati ya uwanja wangu. Aliponiona alisimama, akafuta jasho, akasema, "Mwalimu, watu wanakuja." Basi. Miaka ishirini na kitu ya kinyongo ilifukiwa kwenye shimo lile, na moto ukawashwa juu yake. Watu walijaa mpaka barabarani, Wanyakyusa, Wapare, walimu, wauguzi, wachuma chai, na hakuna aliyesimama nje bila pa kukaa. Nilishinda, wanangu. Nililia siku ile kuliko siku ya mama yangu, lakini nililia nimekaa kwangu.

Kwa hiyo sikilizeni majibu yenu. Noah, jibu lako ni panga. Panga Dar bila kuona haya, kazi yako inahama na wewe unahama nayo, na nyumba ya kujionyesha kwa wenzako haijawahi kumzika mtu. Ila popote unapopanga mjue jirani yako, ukafiwe naye, ukapike kwake. Leah, jibu lako ni nunua, lakini dalali mwulize wa mwisho. Nenda ukakione kiwanja mvua ikinyesha, uone maji yanapita wapi. Halafu kaa na jirani aliyepakana nacho, mwulize nani alipanda kila mti uliomo, mwulize nani alizikwa wapi. Kama jirani huyo ni mtu ambaye ungeweza kumwachia mwanao anayelia, lipa. Kama si mtu huyo, hata wakupe bure, kipite.

Nyumba hii haiuzwi. Ni yenu wawili, hakuna wa kumnunua mwenzake, na hati iko kwa mchungaji. Atakayerudi na begi moja kati yenu, na maisha yana siku hizo, asigonge mlango, asukume aingie. Lutufyo atakaa chumba cha nyuma mpaka Mungu amwite, na kodi yake ile ndogo mpokeeni, kwa kuwa akiitoa anatembea kifua mbele, na siku yake ikifika msiba wake utakuwa uani hapa. Bati la juu ya kitanda chake lizibeni kabla ya masika. Mkungu wa kwanza utakaokatwa baada yangu upelekeni kwa wajukuu wa Ambilikile, na waliochimba kaburi langu mkawashukuru kwa mkono, siku hiyohiyo, msinitie aibu mara ya pili.

Mimi mtaniweka kati ya mama yangu na mama yenu. Turubai lifungeni kuanzia mgomba wa mlangoni hadi ukutani, lote, lifunguke mpaka mwisho wake, na msimwombe mtu yeyote ruhusa. Mkiulizwa na mpita njia huu ni msiba wa nani, semeni ni wa mwenye nyumba.

Nipeni mikono yenu. Ya kushoto pia. Mungu wa baba zangu awape mlango wenye watu... awape majirani wenye panga... mvua isiwakute nje. Amani ya nyumba hii iwafuate hata kwenye nyumba za kupanga. Nimewabariki. Nimechoka sasa, Leah, usilie, mbona nimefurahi.

Nani huyo amesimama mlangoni? Ni wewe, Lutufyo? Usisimame kizingitini, mwenzangu. Mvua inakupiga... Ingia ndani. Ingia, hapa ni kwangu.