Nani Anaitaka Nyumba ya Tuwani

Kijiwe chenyewe kiko nyuma ya duka la mbolea, hapo Kitale mjini: benchi la mkaratusi lililolegea mguu mmoja, na birika la Jelagat likipumua tangawizi juu ya jiko. Jelagat amezeeka, lakini ulimi wake bado mchanga. Wateja wake wa kila siku ni watatu, na kila mmoja humwita nyanya kwa lugha ya kwao. Kemboi, ambaye wamembandika jina Redio, humwita Kogo. Thuo, anayeitwa Wakili kwa vile aliwahi kufagia korti, humwita Cucu. Wangila, ambaye jina lake la kijiweni ni Msumari, humwita Kukhu. Asubuhi hiyo jua lilikuwa jepesi na kahawa nzito, na Jelagat angekuwa na furaha kama si simu ya dalali. Alikuwa amepanga chumba cha wenyewe tangu aolewe. Sasa ameuza ng'ombe wake, amepata nyumba ndogo inayouzwa mtaani Tuwani, ina mparachichi na choo cha peke yake, na dalali amemwambia tena aongeze bei, kuna watu watatu wengine wanaitaka. Akiongeza tena, atahamia humo bila hata sufuria.

— Kogo, ongeza tu, akasema Redio. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

— Hiyo inaniambia ningoje, wewe.

— Ati ungoje? Inasema haraka mbili hazitoshi. Tia ya tatu.

— Usimsikize, Wakili akasema. Mimi namjua mmoja wa hao. Ni mchungaji wa Eldoret, anataka kuweka kanisa hapo sebuleni.

— Mchungaji wapi, bana, akadakia Msumari. Hiyo ni kampuni. Chini ya ule mparachichi kuna mafuta.

— Ya parachichi? Jelagat akauliza.

— Ya ndege, Kukhu. Si umeona ndege zikipita hapo zinashuka kidogo? Zinanusa.

Redio hakukubali kuachwa nyuma. Alisema amesikia kuna daraja linakuja kutoka Uganda, na nguzo ya kwanza inaangukia jikoni kabisa.

— Dawa ni moja, Cucu, akasema Wakili. Ingia na kitanda leo. Ukilala humo mara moja, kisheria wewe umekuwa mjane wa mwenye nyumba.

— Nimeshakuwa mjane mara moja. Ilinitosha.

Jelagat aliwaacha waseme. Maneno yao humpitia kama mvua inayonyesha kwenye paa la jirani, inamliwaza bila kumlowesha. Lakini roho yake ilikuwa Tuwani, chini ya ule mti.

Ndipo akaja msichana mgeni, Tabby, aliyehamia juzi kutoka Webuye, anauza miche ya sukuma ng'ambo ya barabara. Alichukua kikombe, akasikiliza kidogo, akauliza:

— Samahani, wazee. Hao watu watatu wanaoitaka nyumba, nani kati yenu amewaona?

Redio akatazama kiatu chake. Wakili akanywa, na kikombe chake kilikuwa kitupu. Jelagat ameuza kahawa miaka mingi, anamjua mwanamume anayekunywa hewa.

— Redio.

— Kogo.

— Ulienda Tuwani?

— Kidogo tu. Nilimwambia dalali mimi ni mnunuzi kutoka Naitiri. Nikatoa bei ndogo ya aibu, ndio mwenye nyumba akate tamaa akuuzie rahisi.

— Na wewe, Wakili?

— Nilisikia kuna mtu wa Naitiri, nikavaa koti niende kumchunguza. Lakini dalali haongei na mtu hana bei, Cucu. Ikabidi nimpite huyo wa Naitiri.

Msumari hakungoja kuulizwa.

— Na mimi nikasikia kuna mtu wa koti anakusumbua. Nikaenda kumtisha. Nikasema niko na pesa ya tumbaku, ile ya kule Malakisi.

— Uko na pesa gani, wewe?

— Nilisema tu.

— Ukampita sana?

— Kukhu, mtu hatishwi na kidogo.

Jelagat alihisi kitu kinampanda kifuani. Alidhani ni hasira, kumbe ni kicheko. Alimrushia Msumari beseni la vikombe, akampa Wakili kitambaa, akamtuma Redio maji. Kisha akapiga simu, akaiweka sauti kubwa.

— Dalali, nimerudi kwa bei yangu ya kwanza.

— Mama, haiwezekani. Kuna mtu wa tumbaku yuko juu sana.

— Ananioshea vikombe.

— Na yule mwenye koti?

— Anavipangusa. Wa Naitiri ameenda kuteka maji. Kuna mwingine?

Sauti ya dalali ikalainika.

— Sasa utakuja lini, mama?

— Nikishatoka ofisi ya ardhi, wakishaniangalizia hiyo nyumba imeandikwa jina la nani. Halafu huyo mwenye jina aje aketi mbele yangu, na bibi yake wa ndoa kando. Kabla ya hapo sitoi hata senti.

— Bibi yake wa nini tena?

— Nijue amekubali kuuza. Na yeye ndiye amepika humo ndani, ataniambia panavuja wapi.