Benitha Isimbi na Gesi ya Magunzi

Ndugu wafiwa, majirani na marafiki, tunayemsindikiza leo ni Benitha Isimbi, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1986 huko Minembwe, Kivu ya Kusini, mtoto wa tatu wa Mzee Mihigo na Mama Pélagie, akasoma sekondari Uvira, na mwaka 2010 akahitimu shahada ya kemia Bukavu, ambako alikutana na Natanaeli Sebagabo, aliyekuwa karibu kushindwa somo ambalo Benitha aliwafundisha wenzake jioni.

Vita viliwaleta Uganda, wakapokelewa Juni 2012 katika kituo cha Kabazana, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wakapewa kiwanja, na tarehe 5 Oktoba 2013 wakafunga ndoa hukohuko, wakajaliwa watoto wawili, Yvette mwaka 2015 na Emery mwaka 2018.

Alifundisha kemia makazini kwa miaka sita, akiwaona wasichana wakikosa vipindi kwa kutafuta kuni, na mwaka 2019 familia ilipohamia Kakiika ili asome shahada ya uzamili Mbarara, alikuja na swali moja, kama magunzi ya mahindi yanayotupwa Nakivale yanaweza kutoa haidrojeni ya kupikia. Alitengeneza tanuri kwa pipa la mafuta, magunzi yakapashwa moto mkali kwa hewa kidogo na mvuke hadi yakageuka gesi, lakini gesi ilitoka na lami iliyoziba kila bomba, na mtaa ukamwita Mama Moshi, jina aliloliitikia bila kinyongo.

Dawa ya lami aliipata kwa wanawake wapika waragi, pombe kali ya kienyeji, waliomwonyesha namna ya kuviringisha bomba la shaba ndani ya maji baridi ili lami ipoe na kutengana na gesi, na mchungaji alipomuuliza Benitha, mke wa shemasi, anatafuta nini kwenye pombe, alijibu kwa Kiswahili cha kwao Kongo, "Pasteri, mimi nilifuata bomba tu, chupa nilibaachia benyewe." Mchungaji alicheka palepale, baraza la wazee lilihitaji wiki mbili.

Hata hivyo gesi ilikuwa bado na kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu, na Benitha aliapa kwamba haitaingia jikoni mwa mtu kabla hajaiondoa sumu hiyo. Mei 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini, akaendelea kuipima gesi akiwa amekaa kitini, na jirani yake Enid alipomsihi, "Mama Yvette, tupe tu hiyo gesi, tutafungua dirisha," alimwambia, "Dada, siku ya mvua mutalifunga."

Kipimo chake cha mwisho, cha tarehe 30 Januari 2025, kilionyesha haidrojeni asilimia 46 na sumu asilimia 9, naye akaandika pembeni mwa daftari lake, "Bado." Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, hospitalini Mbarara, mumewe akiwa amemshika mkono.

Jana akina mama waliomba kupika chakula cha msiba kwa gesi yake, kwa kumheshimu, na Natanaeli akaenda kwenye tanuri, kisha akarudi akaomba kuni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kakiika na Nakivale walioleta kuni hizo, na wenzake wa maabara, waliopokea daftari lake na watakaoanzia kwenye ile asilimia tisa.

Benitha, hakuna aliyeiwasha gesi yako. Pumzika sasa kwa amani.