Rimu za Mpangaji wa Nyambu

Pale Tuwan, Kitale, nje ya geti la Nyambu, kuna benchi ambalo kazi yake ni kukalisha watu wasio na kazi. Nyambu huwauzia kahawa ya tangawizi, nao humwachia umbea. Asubuhi hiyo alikuwa amemfukuza mpangaji wake Kipkosgei akimshuku wizi, kijana aliyeshinda uani akitoa rangi kwa rimu za gari. Kijana alipakia rimu nne kwa bodaboda, akaenda zake. Sasa Nyambu alimimina kahawa huku roho ikimkwaruza, akitaka mtu amwambie alifanya vizuri.

— Ulichelewa tu, mathe, alisema Wanyonyi kinyozi, ambaye wote humwita Kiwembe. Rimu nyeusi, safi. Mtu anatoa rangi nzuri ya nini kama hafichi kitu?

— Nilikuwa namwona nikianika nguo, Nyambu akasema. Anapaka dawa, rangi inafura malengelenge kama mtu ameungua, anaikwangua. Halafu msasa na maji, msasa na maji, mpaka jioni. Akimaliza kusugua na kitambaa, unajiona uso.

— Uso! akadakia Mukhisa, aliyewahi kufagia ofisi ya kaunti, ndiyo maana anaitwa Waziri. Hiyo ni bati ya ndege, bana. Ilianguka Mlima Elgon.

— Ilianguka lini? akauliza Nyambu.

— Wewe unafikiri watakutangazia?

— Wacha ndege, akasema Kiwembe. Ni dhahabu. Imepita Suam imepakwa nyeusi, askari wa mpaka waone rimu tu.

— Dhahabu nyeupe?

— Ya huko iko hivyo.

Nyambu akakuna shingo.

— Lakini aliniambia ni za mteja. Ati anakuja kuzichukua leo.

— Si kila mwizi ako na mteja, mathe? akasema Kiwembe.

Hapo roho ya Nyambu ikatulia. Akawaongeza kahawa bure, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Bodaboda ikasimama. Akashuka mwanamke wa sare ya nesi, amechoka, vumbi mpaka kwa nyusi.

— Habari zenu. Mimi ni Sandra, nimetoka Lugulu. Kuna fundi hapa, Kipkosgei, ananing'arishia rimu. Gari yangu iko juu ya mawe, na simu yake haiingii.

Kiwembe akachungulia kikombe chake. Waziri akakumbuka ana mahali pa kwenda.

— Mama, ako wapi?

Nyambu akatazama barabara, juu, kisha chini. Asubuhi alimwambia kijana aende mbali, wala hakungoja kuona ameshika upande gani.