Sikukuu ya Jua au ya Yohana

Siku ya mkesha wa Midsommar, sikukuu yao kubwa ya kiangazi, Waswidi huenda mashambani na kutuachia sisi wahamiaji treni ya Alby, kitongoji cha Stockholm. Mbele yangu waliketi watu wawili waliojuana palepale kwa kusikiana Kiswahili: Obiero, mwalimu kutoka Kisumu, na Noeline, mama wa Kampala aliyepakata maua ya porini.

"Dada, hii ni sikukuu ya jua," alisema Obiero, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusimama mbele ya ubao. "Ilikuwepo kabla ya kanisa."

"Ni ya Yohana Mbatizaji," alijibu Noeline. "Mtu wa Finland ninayefanya naye kazi ya usafi huiita Juhannus, na kule Denmaki ni Sankt Hans. Wote wanamtaja Yohana. Waswidi ndio wamemsahau."

"Jina walilibandika baadaye. Na hayo maua, Yohana aliyahubiri wapi?"

Noeline akacheka. "Haya ni saba, ya kulalia. Hapa msichana akiyaweka chini ya mto usiku wa leo, humwona ndotoni atakayemuoa."

"Lakini wewe una pete."

"Yohana wangu alichukuliwa na askari mwaka wa themanini na moja. Kaburi sijaonyeshwa. Kila mwaka nalalia maua, nione kama atakuja mwingine."

Mimi niliacha kujifanya nasoma gazeti. Obiero naye alikuwa amelisahau jua lake. "Amekuja?"

Treni ikasimama Alby. Noeline akainuka, akiyakinga maua yasibanwe na mlango.

"Huja yuleyule," alisema. "Ila mwaka jana alikuja na mvi."