Bi Mkasi Atoka Mikono Mitupu

Baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, Bi Mkasi, msimamizi wa shamba la uzio hapa kituoni kwetu, alistaafu rasmi siku ya Ijumaa, tarehe thelathini mwezi wa sita. Kamati ya jarida imeniomba niandike kitu cha kuchangamsha. Nitajitahidi, ila wasomaji wanaujua mwaka tulioupitia, na mimi si hodari wa kupaka rangi ukuta unaobomoka.

Aliingia hapa akiwa kibarua wa kupalilia, na mtoto mgongoni na jembe la kuazima. Akapanda ngazi polepole, kutoka kibarua hadi mtunza ghala, kisha fundi wa shamba, mpaka akakabidhiwa ufunguo wa lile shamba dogo lenye uzio mara mbili nyuma ya maabara, tulikokuwa tukijaribu muhogo uliobadilishwa vinasaba. Jina lake alilipatia huko. Nyuki akitua kwenye ua la muhogo wetu kisha akaruka hadi shamba la jirani, hakuna ajuaye amebeba nini, na nyuki hawasomi vibao. Kwa hiyo kila ua lilipaswa kukatwa kabla halijachanua. Bi Mkasi alitembea na mkasi wake shingoni, umefungwa kwa kamba ya kiatu. Kwenye harusi ya binti wa karani wetu aliketi safu ya mbele na gauni zuri la buluu, mkasi ukining'inia, na hakugundua mpaka alipoona picha.

Kwa wasomaji wageni, muhogo wa huku unaliwa na ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Majani yanaweza kuonekana hayana neno, mkulima akajipa moyo msimu mzima, lakini akichimba na kukata anakuta ndani kumekauka na kuwa kahawia, kuchungu hata mbuzi anaususa. Wataalamu walichukua kipande kidogo cha kinasaba cha virusi vyenyewe wakakipandikiza kwenye muhogo, ili mmea umtambue adui kabla hajafika. Na ulimtambua. Ndani ya uzio tulichimba mihogo minene, myeupe kama chaki, mwaka baada ya mwaka.

Na kila mavuno, mihogo hiyo myeupe tuliikatakata, tukaichoma, tukaifukia. Ndiyo sheria ya shamba la majaribio, hakitoki kitu mpaka ruhusa itolewe. Bi Mkasi aliishika sheria hiyo kuliko walioiandika. Mkurugenzi wetu wa zamani alivuliwa mabuti langoni, akabaki na soksi iliyotoboka mbele ya wageni aliowaleta mwenyewe. Mhasibu naye alirudishwa kwa sababu ya kijiti cha kuchokolea meno ambacho Bi Mkasi hakukielewa asili yake. Siku hiyo tulicheka hadi chai ikapoa.

Kuhusu muhogo wenyewe, kituo kiligawanyika. Mimi wa maabara nilitaka utoke nje mara moja, na sijabadilika, kwa sababu mwenye njaa hawezi kutungoja tumalize kubishana. Wenzangu waliuliza mambo ambayo sikuwa na majibu yake. Mbegu za asili zitabaki za asili? Mtu atakayeula miaka ishirini atakuwaje? Wakulima waliozoea kugawiana vipando vya shina bure, siku moja wataambiwa vina mwenyewe? Na wote wakipanda aina moja, virusi vikabadilika, si watalala njaa kwa pamoja? Ilifika mahali chumba cha chai kikawa na meza mbili. Bi Mkasi aliketi popote palipokuwa na nafasi. Alisema maswali ni ya haki na njaa ni ya kweli, basi tujibu upesi. Hatukujibu upesi. Kila kiongozi mpya alipokuja, majaribio yalianzishwa upya, na vikao vilizaa vikao.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na uzio, lipo shamba la mdogo wake, wa tumbo moja, anayeishi kwa muhogo na hana kingine. Mama huyu alichimba uozo msimu baada ya msimu huku akiona, kupitia nyaya za uzio, majani ya dada yake. Alikuja kuomba kipando kimoja tu, cha urefu wa kiganja. Bi Mkasi alimkatalia, akamwambia avumilie, ruhusa inakuja mwakani. Mwaka uliofuata alimwambia hivyo hivyo, na uliofuata tena. Hakuwa akidanganya. Ndivyo na sisi tulivyokuwa tukiambiwa, na wengine tuliamini. Majirani walimshauri mdogo mtu ahamie mtama au akodishe shamba. Alikataa, akisema dada yake hajawahi kumwambia neno likaenda bure.

Mwezi wa nne tuliitwa ukumbini, tukaambiwa. Wafadhili wamemaliza muda wao, ruhusa haikutolewa wala haikukataliwa, na shamba la uzio liteketezwe. Hakuna aliyesema kwamba muhogo ule una madhara. Hakuna aliyesema ni salama. Maswali ya meza zote mbili yalibaki vile vile, na sasa hakuna mmea uliobaki wa kuyajibu. Nimeumizwa na hilo kuliko ninavyoweza kuandika katika jarida la wafanyakazi.

Tulipanga vibarua wafanye kazi ya kung'oa. Bi Mkasi alikataa, akang'oa mwenyewe kila shina, akakatakata, akawasha moto. Upepo ulipeleka moshi ng'ambo. Mdogo wake alisimama barabarani ameziba pua kwa kitambaa, akauliza kama ndiyo yote. Akajibiwa ndiyo yote. Akauliza kama bado kuna mwakani, na dada yake akaendelea kusukumia mashina motoni. Kwa wiki zilizofuata tulimwona Bi Mkasi akizunguka kwenye majivu kila asubuhi, aking'oa chipukizi zilizoota kutoka vipande vilivyosahaulika ardhini. Hata moja haikumpita.

Wasomaji wanaijua desturi yetu, kwamba mstaafu huondoka na fungu la mbegu ya zao alilolihudumia. Mzee wa maharage aliondoka na maharage, na yule fundi wa viazi vitamu bado hutuletea viazi kila Desemba hata tusipomwomba. Safari hii kamati ilikuna kichwa, mwisho ikanunua jembe jipya lenye mpini uliopigwa vanishi. Alipokabidhiwa tulipiga makofi marefu kupita kawaida, kwa kuwa hakuna aliyejua la kusema yakikoma.

Jioni alipotoka, aliomba akaguliwe. Mlinzi aliona aibu, akasema mama pita tu. Akagoma. Akamwaga mkoba wake juu ya meza ya mlinzi, miwani, leso na funguo za nyumba, kisha akageuza mifuko ya gauni nje. Mkasi akautundika kwenye msumari wa kibanda. Mdogo wake alikuwa amekuja kumchukua, maana ng'ambo kwa huyo mdogo ndiko Bi Mkasi atakakoishi, hana shamba jingine. Aliiona ile mifuko mitupu. Akalitwaa jembe, akaliweka begani, na mlinzi akamsikia akiuliza mvua zikianza watapanda nini. Bi Mkasi akajibu watapanda muhogo, huu huu wa siku zote, kwani upo mwingine?

Bi Mkasi, asante kwa kila ua ulilolikata na kila mlango ulioufunga ukijua nani amesimama nje yake. Umetuachia kituo safi, na sisi tumekuachia jembe. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha na amani na mdogo wako. Na siku mtakayochimba, mkaukata muhogo wa kwanza, tunakutakia muukute mweupe. Tunajua hautakuwa mweupe. Tunakutakia hivyo hivyo.