Chupa Yenye Jina la Kyungu

Bapapa na bamama mliokuja kwenye kilio hiki, mimi ni Kyungu Sylvain, tulizaliwa mapasa, siku moja na marehemu, na familia imenipa kusoma maisha yake, ingawa najua wako kati yenu wanaoona mwingine angefaa zaidi.

Marehemu Kabange Liévin alizaliwa Kilwa tarehe 14 Machi 1974, nusu saa nyuma yangu, akasoma shule ya msingi hukohuko, akapata diplome ya biokimia hapa Lubumbashi mwaka 1995, na tangu tarehe 3 Mei 1999 alikuwa fundi wa maabara. Alifunga ndoa na Edith tarehe 9 Agosti 2003, Mungu akawajalia watoto watatu, Benita, Aaron na Syntiche.

Mwaka 2023 maabara yao ilianza kutafuta katika udongo bakteria zinazojitengenezea sumu ya kuua kuvu, ili siku moja itoke dawa mpya, maana zile za zamani kuvu nyingine zimekwisha kuzizoea. Marehemu aliokota udongo katika parsele, viwanja vya watu, huko Naviundu, lakini badala ya kuandika namba kwenye chupa aliandika jina la mwenye parsele, akisema, "Namba inasahaulika, jina ya muntu haisahaulike." Tarehe 6 Aprili 2024 umeme wa maabara ulikatika, akaleta chupa katika frigo ya nyumbani kwake, na Mama Huguette, jirani yake, alipofungua frigo kutafuta maji, alikuta udongo wa mlangoni pake na jina lake juu. Nani hapa asingekimbia? Nami, mwenye parsele hukohuko, mbele ya familia yote nilimuuliza Kabange chupa yenye jina langu iko wapi, akaapa kwamba haipo, nikamkataza kukanyaga kwangu.

Mwezi Agosti 2025 alianza kuumwa kichwa, madaktari wakakuta kuvu katika utando wa ubongo, dawa zikashindwa, akafariki Jumanne tarehe 16 Septemba. Mtaani ilisemwa udongo wa watu umemrudia, daktari akasema kuvu hiyo huingia kwa pumzi, mara nyingi kutoka mavi ya njiwa, nami nilimwamini nusu tu.

Juzi mkuu wake, Bwana Dominique, alinionyesha daftari: katika chupa sitini na mbili, moja tu ilizuia kuvu kabisa, na jina lake ni Kyungu. Bado si dawa. Basi alinidanganya, na hata sasa sijui nani wa nyumba yangu alimfungulia mlango aokote udongo nisipokuwepo, ninawatazama mmoja mmoja mlivyokaa. Lakini ndugu niliyezaliwa naye aliniogopa, na hilo linaniuma kuliko uongo wake.

Tunashukuru madaktari, wafanyakazi wenzake, majirani mlioingia, na ninyi mliobaki kusimama ng'ambo ya njia.

Kaburini nitatupa udongo wa mlangoni pangu, nimeuokota mwenyewe asubuhi, uko katika chupa hii, na juu nimeandika Kabange. Anayetaka kunong'ona anong'one.

Lala salama, ndugu yangu, kwangu umekwisha kuingia.